Risasi katika tone la damu

Msikilizaji, risasi ninayoizungumzia si ya bunduki. Ni madini yaliyomo kwenye betri za magari na rangi za zamani. Chukua gramu moja, uigawe vipande milioni. Kipande kimoja ndicho maikrogramu. Nchini Marekani, tangu mwaka 2021, mtoto mwenye maikrogramu 3.5 za risasi au zaidi katika desilita moja ya damu, yaani sehemu ya kumi ya lita, hufuatiliwa. Miaka ya 1960 ilibidi zifike 60. Na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Kipimo cha kiasi kidogo hivyo huharibiwa kwa urahisi. Muuguzi anamchoma kidole mtoto aliyetoka kucheza vumbini; mkono usipooshwa vizuri kwa sabuni, vumbi lenye risasi linaingia kwenye tone na jibu linapanda. Ndiyo maana jibu la juu la kidole hurudiwa kwa damu ya mshipa, katika kichupa kisicho na risasi.

Pale Owino Uhuru, Mombasa, Phyllis Omido alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Mwanawe mchanga aliugua, akatibiwa maradhi mengine, mpaka damu ilipopimwa risasi ikaonekana. Hilo linaniuma. Mtoto anaweza kula na kucheza kama kawaida, kumbe ubongo unaharibika. Kliniki zilizo jirani na viwanda vya namna hiyo ziwapime watoto risasi siku ileile wanapoletwa kupimwa uzito.