Soko Jipya la Kwala

Julai 31, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua bandari kavu ya Kwala, wilayani Kibaha, pamoja na treni za mizigo za reli ya SGR. Kwa mfanyabiashara mdogo, habari kubwa hapo ni dereva wa lori la Kongo au Zambia anayesubiri mzigo: atakula wapi, ataziba pancha wapi, atalala wapi? Mama lishe wa Mlandizi, wilayani humo humo, anaweza kuyajibu hayo mapema, kabla wenye mitaji mikubwa hawajafika. Fursa haiko Kwala tu: Kisarawe nako wanaotoka Dar wanajenga. Matofali na mboga vinatafutwa. Naona wengi wanakimbilia viwanja. Mimi ningeanza kijiweni Kwala, niwaulize madereva wanakosa nini.