Mzee Anayetetemeka Hakurogwa

(Maneno tuliyosema mbele ya vikundi vya kujisaidia, Wasini)

Leo hatukuja na habari za mikopo wala za miche ya mikoko. Twataka kusema juu ya mzee anayetetemeka.

Sisi twamjua mmoja, fundi wa kusuka madema. Mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa ameketi tu. Akishika kikombe, unatulia. Kisha akawa hawezi kufunga kifungo cha shati. Uso ukakauka, hata wajukuu wakadhani babu amenuna. Akifika mlangoni miguu yaganda kama iliyopigiliwa misumari. Watu wakasema karogwa, wengine wakasema ni uzee tu. Mbuzi wawili wakaenda kwa waganga, na miaka mitatu ikapita, ndipo akapelekwa hospitali.

Ugonjwa huu una jina. Waitwa Parkinson, kwa jina la daktari wa London aliyeuandika mwaka 1817. Wala si wa Wazungu peke yao. Jirani zetu wa Tanzania, wilaya ya Hai chini ya Kilimanjaro, walipita nyumba kwa nyumba mwaka 2005 na 2006 katika watu kama 161,000. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani.

Haya, kichwani kumetokea nini? Ndani kabisa ya ubongo pana chembe za rangi nyeusi zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Katika ugonjwa huu chembe hizo zinakufa polepole, na mpaka mtu aanze kutetemeka, kiasi cha nusu au zaidi zimekwisha.

Sasa fikirini mashua. Kwa kila mwendo, ubongo una njia mbili: moja ni tanga, yasema nenda, ya pili ni nanga, yasema ngoja. Zote mbili twazihitaji, kwani mashua isiyo na nanga itapanda mwamba. Dopamini hutia tanga upepo, na papo hapo huinua nanga. Ikipungua, tanga lalegea na nanga yazidi kushika chini. Mzee nia ya kuinuka anayo, na misuli anayo, lakini amri yazuiliwa njiani. Hapo twaomba mpashike sana, maana tumesikia mzee akigombezwa kwa uvivu.

Tena kuna jambo jingine. Chembe za upande wa nanga, ambazo kwa mtu mzima kila moja ina la kwake la kusema, huanza kupiga pamoja kwa mdundo mmoja, mara 13 hadi 30 kwa sekunde. Ni kama mnada wa samaki ambapo wote wapiga kelele neno lile lile kwa pamoja. Nani atasikia bei?

Dawa ipo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura dawa iliyowamaliza dopamini, wakalala kama magunia. Akawapa levodopa, ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, wakaamka. Vidonge vya leo vina levodopa hiyo hiyo. Haviponyi, na chembe huendelea kufa, lakini mtu arudi kufunga vifungo vyake. Vinywewe kwa saa zake, kiasi cha nusu saa kabla ya chakula, kwa sababu samaki na kunde huweza kuvizuia visiingie vizuri. Msiviache ghafla, ni hatari.

Mtashangaa: mbegu za upupu, huu huu unaotuwasha shambani, zina levodopa. Lakini msizisage nyumbani! Kipimo chake hakijulikani kwa macho, na mbegu moja si sawa na nyingine. Na jambo la kuuliza daktari: baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na za kuzuia kutapika huifungia dopamini njia, zikaleta mtetemeko kama huu. Basi mkienda hospitali, bebeni vidonge vyote anavyokunywa mgonjwa.

Mama zetu, lile daraja lenu la mbao kwenye bustani ya matumbawe lina somo. Mgonjwa aliyeganda kwenye sakafu tupu aweza kutembea vizuri akiona mistari ya kukanyaga, maana macho huupa ubongo njia nyingine ya kuanzisha hatua. Nyumbani pigeni mistari ya chokaa mlangoni, hatua kwa hatua. Au mpigieni makofi ya kufuatisha. Msimvute mkono, ataanguka.

Na kwa vikundi vinavyochanga kila mwezi: tengeni nauli ya boti hadi Shimoni na ya matatu hadi Msambweni, ya mgonjwa na ya mtu wa kumshika. Kusi likikaribia, vidonge vya mwezi mzima viwe vimeshavuka bahari.