Uongozi Katika Vyombo vya Fedha vya Akina Mama

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mungaa



Hapa Mungaa, kama ilivyo sehemu nyingi za Wilaya ya Ikungi, fedha haiingii nyumbani kila mwezi. Huingia kwa msimu. Mvua ni ya msimu mmoja. Alizeti huvunwa kuanzia mwezi wa Mei au Juni, nayo ikishauzwa, fedha hukaa mkononi kwa majuma machache kabla haijaitwa na mahitaji ya shule, deni la dukani na mbegu za mwaka unaofuata. Mama aliyelima, akapalilia na kupura, hana nafasi nyingine ya kuweka akiba kubwa ila majuma hayo. Yakipita, husubiri mwaka mzima, akijikimu kwa kuku na vitunguu. Kwa hiyo kikundi cha akiba na mikopo cha akina mama kikivunjika, hasara yake huhesabiwa kwa misimu, wala si kwa shilingi peke yake.

Vikundi hivi havivunjiki kwa kukosa fedha tu. Mara nyingi fedha imo, na wanachama wana moyo, lakini uongozi umewekwa vibaya tangu siku ya kwanza. Mwenyekiti huchaguliwa kwa kuwa anajua kusema mbele za watu. Mweka hazina huchaguliwa kwa kuwa nyumba yake ina mlango imara. Na katibu, akikosekana mama anayejiamini kwa kalamu, huazimwa mume au kijana wa mtu kuandika daftari. Baada ya mwaka mmoja, huyo aliyeazimwa anaijua hali ya kikundi kuliko wenye kikundi.

Suala la kalamu liliwahi kuwakabili wanawake wa mji wa Ahmedabad, India, mwaka 1974. Walikuwa wachuuzi wa mboga, wabeba mizigo, washonaji na waokota makaratasi, wakiongozwa na Ela Bhatt katika chama chao kijulikanacho kwa kifupi SEWA. Wanachama wapatao 4,000 walitoa rupia 10 kila mmoja ili kuanzisha benki yao ya ushirika. Mrajisi alisita: ni vipi wanawake wasiojua kusoma na kuandika waendeshe benki? Waanzilishi kumi na watano waliotakiwa kutia sahihi wakakesha wakijifunza kuandika majina yao, na benki ikaandikishwa. Kwa wanachama wengine, picha ya mwenye akiba ilibandikwa katika kitabu chake ili asidhulumiwe na mtu mwenye kusoma. Yafaa izingatiwe kwamba akina mama hao hawakukana umuhimu wa maandishi. Walichokataa ni kwamba mtu asiyejua kuandika hawezi kuwa mwenye mali na kiongozi wa mali yake. Kitabu kilipangwa kimfuate mwanachama. Mwanachama hakuondolewa kwa ajili ya kitabu.

Ela Bhatt alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa shirika la Women's World Banking, lililozaliwa kutokana na mkutano wa wanawake wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Mexico mwaka 1975, na kuundwa rasmi mwaka 1979. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Esther Ocloo wa Ghana, mama aliyeanza biashara akiwa msichana kwa kutengeneza jemu ya machungwa kwa mtaji wa shilingi 10. Shirika hilo halikugawa fedha ovyo. Lilidhamini mikopo: benki ikimkopesha mama asiye na rehani na hasara ikatokea, shirika hubeba asilimia 50, chama cha wanawake cha nchi husika asilimia 25, na benki yenyewe asilimia 25. Mpango huu ulimfanya kila mmoja awe na sababu ya kumfuatilia mkopaji.

Jirani zetu wa Kenya walianzisha chombo cha namna hiyo mwaka 1981, nacho ni Kenya Women Finance Trust. Waanzilishi walikuwa wanawake wasomi na wenye vyeo. Mmojawapo alikuwa Mary Okelo, aliyekuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuwa meneja wa tawi la Benki ya Barclays nchini humo, mwaka 1977. Haingetazamiwa kundi la watu wenye ujuzi kama huo lishindwe. Hata hivyo, ilipofika mwisho wa miaka ya 1980, chombo hicho kilikuwa karibu kufa, na wafadhili walikuwa wameondoa mikono yao. Si kwamba waanzilishi walikuwa wajinga au wezi. Walikuwa na kazi zao nyingine, na shughuli ya kukopesha haimsubiri mtu apate nafasi. Mkopo usiofuatiliwa juma hili huwa mzito juma lijalo, na mwezi ujao huitwa msaada.

Mwaka 1991 uongozi wa kila siku alikabidhiwa Dk. Jennifer Riria. Katika miaka iliyofuata, mtindo wa kukopesha ulibadilishwa: akina mama walijiunga katika vikundi, wakadhaminiana wenyewe kwa wenyewe, na ofisa wa mikopo akawafuata katika mikutano yao badala ya kuwangoja mezani. Bodi ilibaki na kazi ya bodi, na watendaji wakawa na kazi ya utendaji. Mwaka 2010 chombo hicho kilipata leseni ya Benki Kuu ya Kenya ya kupokea amana za wananchi. Kutoka kukaribia kaburi hadi leseni hiyo ilipita miaka kama ishirini, na mtu anayetaka kikundi chake kistawi kwa msimu mmoja afadhali aitafakari hesabu hiyo.

Kwa upande wa Tanzania, Benki ya Wanawake ilifungua milango yake mwaka 2009. Ilikuwa na nia njema na jina zuri, lakini mwezi Agosti 2018 iliunganishwa na Benki ya Posta, TPB. Kuandika neno «wanawake» mlangoni hakukuikinga benki hiyo, wala hakutakikinga kikundi cha Mungaa.

Mfano ulio karibu zaidi na mwanakijiji ni VICOBA. Chanzo chake ni vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa na shirika la CARE huko Maradi, Niger, mwaka 1991, na mtindo huo ukaenea Tanzania miaka ya 2000. Sifa yake kubwa ni sanduku. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu tofauti ambao si mwenyekiti, wala katibu, wala mweka hazina. Atunzaye sanduku hana ufunguo. Wahesabuji wawili huhesabu fedha mbele ya wote, na kufuli hazifunguliwi ila mkutanoni. Aliyebuni utaratibu huu hakuwadhania wanachama kuwa wezi. Aliwaondolea viongozi mzigo wa kushukiwa.

Lakini sanduku halijui ni nani aliyekopeshwa. Hapo ndipo vikundi vingi huumia. Mwanachama wa kawaida akichelewa mkutanoni hulipa faini papo hapo. Mwenyekiti akichelewa, husemwa kwamba alikuwa na udhuru. Mwanachama hukopa kwa kadiri ya hisa zake, kwa kawaida zisizidi mara tatu. Kiongozi huongezewa kidogo kwa kuwa «anatufanyia kazi». Kikundi kikikubali hilo mara moja, hakuna atakayekuwa na uso wa kumdai mwingine. Tena vijijini kuna udugu. Mama mkwe akiwa mwenyekiti na mkewe mwana akiwa mweka hazina, ni nani atakayesema mbele ya watu kwamba deni la mama limepita muda? Heshima hiyo ni njema nyumbani, na haifai kuvunjwa. Kwa hiyo ni bora katiba ya kikundi ikataze mapema watu wa nyumba moja kushika nafasi mbili za uongozi, au funguo mbili, kuliko kumlazimisha binti kuchagua kati ya mkwe na daftari.

Sheria nayo imeingia katika jambo hili. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kijamii vya fedha vinatakiwa kusajiliwa, na SACCOS husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, ilisimamishwa mwezi Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha marejesho mabaya na vikundi hewa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi ambacho daftari lake liko kwa mtu aliyehama, au ambacho viongozi wake hawajulikani tangu lini walichaguliwa, kitasimama wapi mbele ya ofisa wa maendeleo ya jamii?

Kwa makatibu wa vyama vya msingi, wengi wao wakiwa wameombwa na akina mama kusaidia uandishi, msaada ulio bora ni kuwafundisha akina mama wawili kutoka kila kikundi kuandika daftari wenyewe, na wawili hao wabadilishane. Kila mkutano ukifunguliwa, salio la fedha lisomwe kwa sauti, na kabla sanduku halijafungwa lisomwe tena, ili hata asiyesoma aondoke na hesabu kichwani. Uongozi ukibadilishwa, makabidhiano yafanyike mbele ya wanachama kwa maandishi: sanduku, funguo, daftari, fedha iliyohesabiwa, na orodha ya wadaiwa ikianza na majina ya viongozi wanaoondoka. Kazi hiyo ifanywe kabla ya mwezi wa Mei, alizeti ikiwa bado shambani.