Sarafu za Kale na Mwenye Jembe
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakulima wa Masasi na Newala)



Leo twataka kusema nanyi juu ya vitu vya kale vilivyofukiwa ardhini. Labda mtu atasema, "Hayo ni mambo ya wenye elimu, sisi tuna mihogo na mikorosho yetu." Lakini avikutaye kwanza mara nyingi ni mwenye jembe.

Mwezi wa Novemba, 1992, katika kijiji cha Hoxne, Uingereza, mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani. Rafiki yake, Eric Lawes, alikwenda kuitafuta kwa chombo kiliacho kipitapo juu ya chuma. Akakuta sarafu na vijiko vya fedha. Alitoa baadhi yake, kisha akaacha kuchimba, akapeleka habari. Wataalamu wakaja, wakafukua pole pole, wakahesabu sarafu zaidi ya 14,000, za dhahabu na za fedha. Na kwa kuwa vitu havikuvurugwa vyote, waliona alama za kasha la mti na visanduku ndani yake, wakajua jinsi mwenyewe alivyoipanga mali yake utawala wa Warumi ulipokuwa ukikoma, yapata miaka 1,600 iliyopita. Lawes na mkulima yule waligawana tuzo ya paundi 1,750,000. Nyundo nayo ilionekana, ikawekwa katika jumba la makumbusho!

Sasa tutazame pwani yetu. Masultani wa Kilwa Kisiwani walipiga sarafu za shaba. Upande mmoja waliandika jina la sultani, na upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, mwaka hawakuuandika. Basi umri wake hujulikanaje? Hujulikana kwa pahali ilipolala, na kwa vigae na shanga zilizolala pamoja nayo. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Na sarafu yenye jina la sultani huyo imeonekana hata Zimbabwe Kuu, mbali sana barani. Kwa kuwa pahali pake pajulikana, sarafu hiyo moja yashuhudia biashara ya dhahabu iliyokuwako.

Lakini sikilizeni habari nyingine. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa mchangani katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya nchi ile. Aliziweka mkebeni, na mwaka 1979 ndipo alipozipeleka kwa wenye kuzijua. Tano zilikuwa za Kilwa! Mwaka 2013 wataalamu walikwenda kupatafuta pahali pale kwa ramani aliyoichora, lakini ni nani aliyezifikisha huko hajajulikana hata leo.

Nanyi mkumbuke kwamba misafara ya pembe ya Wayao, ikienda Kilwa na Lindi, ilipita katika nchi hizi. Basi ukichimba shimo la mkorosho ukaona sarafu, shanga au kigae cha kigeni, usikisugue wala usikiuze. Acha kuchimba, tia alama, ukamwambie mkubwa wa kijiji. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 yataka habari itolewe.

Sasa tutawaonyesha picha za sarafu za Kilwa mpate kuzitambua. Ni nyembamba, kama kifungo cha koti, na shaba yake hugeuka rangi ya majani.