Kijani Si Malisho

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia kuhusu ramani za setilaiti)



Siku hizi watu wa miradi wakija kwenye baraza wanakuja na ramani za rangi. Pahali pengine pamepakwa nyekundu, pengine kijani, halafu tunaambiwa: hapa ardhi imeharibika, hapa iko sawa. Nasi tunapiga makofi. Leo tunataka tuulizane: ramani hiyo imetoka wapi, na ni nani aliyesema kijani ni uzima?

Imetoka kwa setilaiti, chombo kinachozunguka dunia kikipiga picha kutoka juu. Landsat ya kwanza, ya Marekani, ilirushwa mwaka 1972. Za sasa zinapita kilomita 705 juu yetu, na kila moja inarudi pahali pale pale baada ya siku 16. Nukta moja ya picha yake ni mita 30 kwa 30, karibu robo ekari. Kwa hiyo korongo la hatua mbili tatu linalokula shamba lako linamezwa ndani ya nukta, halionekani vizuri. Sentinel-2 za Ulaya zina macho makali zaidi, mita 10, lakini hata hizo hazihesabu mbuzi.

Sasa hiyo rangi. Jani lenye afya hunywa mwanga mwekundu, na hurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni. Kompyuta inalinganisha hizo mbili. Tofauti ikiwa kubwa, inasema pana majani. Majani ya nini? Hesabu hiyo peke yake haiwezi kusema.

Hebu tuangalie Baringo, kule Marigat na kando ya ziwa. Miaka ya 1980 mti wa mathenge ulipelekwa huko kwa nia njema: kuni zipatikane, na ardhi iliyokuwa tupu ifunikwe. Mifugo ikala maganda, ikatawanya mbegu kwa mavi yake. Mti ukaziba malisho na kuingia mashamba ya kunyunyizia. Miiba ikatoboa kwato, meno ya mbuzi yakaoza kwa utamu wa maganda. Mwaka 2006 wenyeji waliishtaki serikali Mahakama Kuu, na katika kesi hiyo mbuzi asiye na meno alipelekwa mahakamani. (Waliocheka ni wale ambao hawajapoteza mbuzi.)

Ukitazama Baringo kwa kijani tu, utasema ardhi imepona, maana mathenge hubaki na majani hata wakati wa kiangazi. Lakini watafiti waliunganisha picha za Landsat na alama walizochukua wenyewe huko porini, wakapata hadithi nyingine. Mathenge ulikuwa umefunika hekta 882 mwaka 1988. Kufika mwaka 2016 ni hekta 18,792. Katika miaka hiyo 28, eneo la nyasi lilipungua kwa asilimia 86. Hapo hakuna uponyaji. Na bila mtu wa kutembea chini na kusema "huu ni mathenge, hii ni nyasi", picha isingejua.

Basi mtu wa ramani akija kwetu, asiishie kwa chifu kunywa chai. Tumpeleke pale akina mama wanapokata kuni, na pale wachungaji wanapopaepuka. Tumwulize picha yake ni ya mwezi gani. Ya wakati wa mvua, kila pahali ni kijani. Ya Februari, nyasi zimekauka na mathenge unaonekana. Tumwombe pia za miaka ya nyuma tulinganishe. Picha za Landsat zimekuwa bure tangu mwaka 2008, kwa hivyo asituambie zinauzwa.

Nasi tuwe na daftari. Kijana mwenye simu asimame pale pale, simu itoe namba za mahali, aandike tarehe, kuna nyasi gani, mathenge una urefu gani, ulikatwa lini mara ya mwisho. Hilo la kukatwa msilisahau. Kisiki huchipuka, na pale palipochomwa makaa patarudi kijani kwenye ramani wakati ng'ombe hawezi hata kupenya.

Daftari likae kwa katibu wa kikundi. Mtu wa mradi apewe nakala.