Nani Alimtazama Nani Bweranyange?

Wazee wenzangu tuliopita hapa, na ninyi vijana mnaotazama vitambi vyetu kwa mshangao,

Nimeombwa niseme juu ya picha za zamani. Katika karne ya 19 wachapaji wa Ulaya waliuza kwa wingi picha za maisha ya nyumbani: mama jikoni, binti kisimani, baba na kiko chake. Zilionekana hazina hila, kumbe zilimfundisha mtazamaji nani akae wapi na nani amtumikie nani. Nasi tulichorwa.

Novemba 1861 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Grant, walifika kwa Omukama Rumanyika, hapa Karagwe. (Ndugu wa Kyerwa msinune, wilaya yenu ilikuwa bado haijazaliwa, imekuja 2012.) Grant ndiye mchoraji, na picha nyingi za kitabu cha Speke cha 1863 zimetokana na mkono wake.

Kilichomshangaza Speke zaidi ni wanawake wa jamaa ya kifalme, walioneneshwa kwa maziwa tangu utotoni. Alimpima shemeji mmoja wa Omukama: mkono futi 1 na inchi 11, kifua futi 4 na inchi 4. Karibu yake binti wa miaka 16 alikuwa akinywa maziwa, baba yake kashika fimbo. Unene ule ulikuwa cheo: ulitangaza ng'ombe wa mume, na mke asiyegusa jembe. Lakini fimbo ile nayo tusiisahau. Heshima ilikuwa ya ukoo. Tumbo lilikuwa la binti.

Tena Speke mwenyewe ameandika kwamba yule mama hakukubali bure. Ilibidi mgeni aahidi kumwonyesha miguu na mikono yake mitupu. Basi siku ile macho yalikwenda pande mbili! Vipimo vya mama vimerudiwa vitabuni kwa zaidi ya miaka 160. Alichosema yeye juu ya miguu ile hatukuandikiwa, wala jina lake. Sisi wa serikalini tunalijua hilo: jalada humjua zaidi aliyeliandika.

Vijana, likizo hii waulizeni bibi zenu nani alikuwa akiamua chakula na kazi ya binti nyumbani kwao. Andikeni daftarini, na jina la bibi liwe juu ya ukurasa.