Jiko la Jirani, Hewa ya Wote

Leo tuzungumze juu ya jiko la mkaa. Si la kwenu, la jirani.

Ninyi wa Njombe, Makete na Mbeya mtanielewa haraka. Ikifika Juni na Julai, baridi inauma mpaka kwenye mifupa. Jirani anawasha jiko, analiingiza chumbani, anafunga mlango apate joto. Sasa, nyumba nyingi za kupanga hazina dari, na ukuta wa kutenganisha vyumba haufiki kwenye bati. Hewa ya chumba chake ndiyo hewa ya chumba chako.

Utasema, "Lakini dada, mkaa ukishakolea hautoi moshi!" Hapo ndipo penye hatari. Mkaa uliokolea unatoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta inaingia kwenye damu na kung'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Oksijeni inakosa nafasi. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea. Wengi husema ni malaria. Jiulize: Je, mwili hauna joto? Tumeumwa wote kwa wakati mmoja? Nikitoka nje napata nafuu? Kama ni ndiyo, shuku jiko, na uende zahanati.

Usidanganywe na beseni la maji karibu na jiko. Maji hayanyonyi gesi hii. Na dirisha lililoachwa wazi kidogo halitoshi kwa mtu anayelala.

Sasa, mtu mzima utamwambiaje? Usigonge ukuta na kupiga kelele usiku. Nenda mchana, ikiwezekana na mzazi. Sema hivi: "Shikamoo mama. Samahani, usiku hewa ya jiko inafika kwetu, mdogo wangu anaamka kichwa kinamuuma. Tunawahofia na ninyi, maana ndio mnaolala nalo." Maneno hayo ya mwisho ni ya kweli, na ndiyo yenye uzito. Gesi inaanza na mwenye jiko.

Usiende na lawama tupu. Pendekeza: tuote moto nje pamoja, jiko libaki nje, kisha kila mtu alale na blanketi, soksi na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitambaa. Mwombeni mwenye nyumba azibe nafasi iliyo juu ya ukuta, ingawa hiyo pekee haitoshi. Jirani akikataa, mzazi aende kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa afya. Huko si kumchongea mtu, ni kuokoa maisha.

Na ukiamka usiku una kizunguzungu? Toka nje mara moja, toa na wenzako. Piga kelele jirani aamke. Asipoitika, ita watu wazima wafungue milango na madirisha na kumtoa upesi, wasikae ndani. Piga 114, Zimamoto na Uokoaji. Aliyezirai usimpe maziwa wala maji, yanaweza kumpalia. Mpelekeni hospitali, anahitaji oksijeni.

Jioni hii angalia juu ya ukuta wenu. Kama kuna nafasi, zungumza na wazazi kabla ya kulala.